Kemo kabla ya kisu: jinsi ya kumvusha mgonjwa wa kansa ya kibofu

Ba'mdogo alipoambiwa uvimbe kwenye kibofu chake cha mkojo ni kansa na tayari umeingia kwenye msuli, ukoo mzima tulikuwa na neno moja tu, kitolewe, yani hata kesho asubuhi kitolewe, na daktari aliposema subirini kwanza tumpe kemo, yani dawa za kuua kansa za kuingiza kwenye mshipa, kama miezi mitatu ndo tumpasue, shangazi alinyanyuka akatoka nje. Nikamfuata kwenye korido akaniambia, "Mwanangu hawa wanamchelewesha mpaka limshinde." Na mi kusema ukweli siku ile nilikuwa upande wa shangazi.

Sa hivi siko upande wake, na haya naandika kwa mtu ambaye leo yuko kwenye korido kama ile. Mi sio daktari, mi ndo nilikuwa mbeba faili, yule anayekumbuka tarehe na kuuliza maswali mpaka manesi wanacheka wakimwona, kwa hiyo chukua haya kama ya mtu aliyeipita njia, maamuzi ya dozi na dawa ni ya daktari wenu.

Cha kwanza: imeingia kwenye msuli au bado?

Kibofu kina ukuta wa tabaka tabaka, ndani kabisa kuna utando unaoguswa na mkojo, chini yake nyama laini, halafu ndo unakuja msuli wenyewe, ule unaobana ukienda haja ndogo. Kansa nyingi za kibofu, kama robo tatu hivi, zinakutwa bado ziko kwenye tabaka za juu na hizo zina matibabu yake, zinakwanguliwa kwa kupitia njia ya mkojo na mara nyingi dawa inawekwa mle mle ndani ya kibofu, kwa hiyo kama mgonjwa wako yuko huko mengi ya hapa hayamhusu. Kemo kabla ya kisu ni ya wale ambao imeshaingia kwenye msuli, kwenye karatasi wanaandika T2 kwenda juu, ila skani haijaonyesha kuwa imesambaa mbali kama kwenye mapafu, ini au mifupa.

Karatasi ya maabara ya kile kinyama walichokata isome mwenyewe, usisubiri kusimuliwa. Tafuta sehemu mbili tu. Moja, je kwenye kinyama msuli umeonekana? Kama wameandika hakuna msuli kwenye sampuli basi hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia imeingia au haijaingia, inabidi akakwanguliwe tena, na hapo usione kama ni usumbufu maana matibabu yote yanasimama juu ya jibu hilo. Mbili, ni seli za aina gani. Ushahidi mwingi wa kemo kabla ya kisu ni wa ile kansa inayoanzia kwenye seli za utando wa kibofu, wenyewe wanaita urothelia. Kuna ile ya seli bapa ambayo inahusishwa sana na kichocho cha miaka mingi, hiyo kemo ya kutangulia haijaonyesha faida ya kueleweka na mara nyingi wanaenda moja kwa moja kwenye upasuaji, kwa hiyo ukiona jirani yako kapelekwa kisuni haraka na wewe umeambiwa usubiri usianze kugombana na watu, inawezekana magonjwa ni mawili tofauti. Na kuna ya seli ndogo, hii ni nadra ila ni kali, na kwake kemo ndo inaanza karibu kila mara.

Kwa nini dawa itangulie

Hili ndo swali la shangazi kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Kansa ikishafika kwenye msuli inakuwa imekaribia mishipa ya damu na ya limfu, na kwa watu wengi inakuwa tayari imeshatupa chembe zake nje ya kibofu, chembe ndogo mno ambazo skani haizioni. Daktari wa upasuaji anatoa kibofu chote na tezi za limfu za pembeni, kazi safi kabisa, ila kile kilichokwisha kutoka hakifikii kwa kisu. Ndo maana watu waliokuwa wanapasuliwa tu bila kemo, karibu nusu yao ugonjwa ulikuwa unarudi, na mara nyingi unarudia sehemu nyingine ya mwili ndani ya miaka miwili mitatu. Kwa hiyo kinachoua hapa mara nyingi sio kile kilichopo kwenye kibofu, ni kile kilichotoroka, na dawa ya kwenye mshipa ndo inayoweza kukifuata huko kilikokwenda.

Sawa, si apewe baada ya upasuaji basi? Nilimuuliza daktari hivyo hivyo. Akanijibu kwa swali, "Umewahi kumwona mtu wiki ya sita baada ya kutolewa kibofu?" Sikuwa nimewahi. Ni upasuaji wa masaa mengi, kwa mwanaume wanatoa kibofu pamoja na tezi dume, kwa mwanamke mara nyingi na kizazi kinaondoka, halafu wanachukua kipande cha utumbo mdogo kutengeneza njia mpya ya mkojo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wanapata tatizo moja au lingine ndani ya siku 90 za mwanzo, dogo au kubwa, utumbo kugoma, homa, kidonda kuchelewa, figo kuyumba. Mtu aliyepangiwa kemo ya baada ya kisu mara nyingi anaishia kutoipata kabisa kwa sababu mwili hauko tayari. Kabla ya kisu ana nguvu zake zote na figo zake zote, na uvimbe bado upo pale kwa hiyo mnaona kama dawa inaufanya kitu au haiufanyi. Hilo swali la kemo lazima liulizwe kabla tarehe ya upasuaji haijaandikwa, ukiuliza baada umechelewa.

Namba, na jinsi ya kuzisoma bila kudanganyika

Utafiti ambao kila daktari wa hii kitu anaujua ni wa Marekani, unaitwa SWOG 8710, ulichukua watu 317 kati ya 1987 na 1998 na matokeo yake yakatoka 2003. Nusu walipasuliwa tu, nusu walipewa mizunguko mitatu ya kemo inaitwa MVAC, mchanganyiko wa dawa nne, ndo wakapasuliwa. Waliopasuliwa tu, nusu yao walikuwa hai kufikia miezi 46. Waliotanguliwa na kemo, miezi 77. Ila namba iliyonikaa mi ni nyingine: kibofu kilipotolewa na kupelekwa maabara, kwa wale wa kemo asilimia 38 hakikukutwa na kansa hata chembe, kwa wale wengine ni asilimia 15 tu, maana hata kule kukwanguliwa mwanzo peke yake kuna bahati yake. Na wale waliokutwa hawana kitu, asilimia 85 walikuwa hai baada ya miaka mitano.

Na kwa wale wanaosema kemo itamlegeza hata kisuni asifike, humo humo kwenye utafiti, waliofika kupasuliwa kwenye kundi la kemo ni asilimia 82 na kwenye kundi la bila kemo ni 81. Hamna tofauti. Hii nilimpelekea shangazi nimeiandika kwenye karatasi, akasema "hizo ni namba za wazungu" ila karatasi akaikunja akaweka kwenye pochi.

Sasa usichukue hiyo 77 ukaenda nayo nyumbani kama ahadi. Tafiti 11 zenye watu kama 3,000 zilipokusanywa pamoja mwaka 2005, faida ikawa ndogo kuliko ya ule mmoja: kwa kila watu 100 waliopata tiba ya kibofu peke yake kama 45 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na waliotanguliwa na kemo yenye sisplatini, ile dawa kuu ya kemo hizi, kama 50. Watano zaidi. Utafiti mwingine mkubwa wa nchi nyingi wenye watu 976 ulifuatilia mpaka miaka kumi ukakuta 30 kwa 36. Kuna mtu atakuambia asilimia tano ni nini, kapande basi tu urudi nyumbani. Mi naona hivi, ungekuwa na watu mia kwenye ukumbi na ukajua watano watatoka na uhai wao kwa sababu ya kitu fulani, na hujui ni akina nani, ungekiacha? Ila ni haki pia ya mgonjwa kujua kwamba wengine 45 wangeishi hata bila hiyo kemo na 50 haitawaokoa, akichagua achague anajua.

Tangu hapo mambo yamesogea. Ufaransa walilinganisha MVAC ya kasi, ile ya kila wiki mbili, na mchanganyiko wa jemsitabini na sisplatini wa kila wiki tatu, na kwa wale waliopewa kabla ya upasuaji hiyo ya kasi ikafanya vizuri zaidi ingawa inachosha zaidi na inahitaji sindano za kupandisha chembe nyeupe. Halafu 2024 ukatoka utafiti unaitwa NIAGARA, watu 1,063, wote walipewa jemsitabini na sisplatini mizunguko minne ndo wakapasuliwa, ila nusu yao waliongezewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili inaitwa durvalumabu kabla na baada ya kisu. Baada ya miaka miwili waliokuwa hai ni asilimia 82 kwa walioongezewa na 75 kwa wasioongezewa. Kwa hiyo ukifika muulize daktari mnampa mchanganyiko gani, na je kuna dawa ya kinga mnaongezea, sio kwa kumkagua, ni ili ujue uko wapi.

Geti lenyewe ni figo

Yote hayo juu yanaendeshwa na dawa moja, sisplatini. Na sisplatini inapita kwenye figo na inaziumiza, ndo maana sio kila mtu anapewa. Vigezo vya kawaida ni hivi: figo zichuje angalau mililita 60 kwa dakika, masikio yawe hayajaharibika sana, mikono na miguu isiwe na ganzi ya kueleweka, moyo usiwe umechoka kiasi cha kuhema kwa kutembea kidogo tu, na mgonjwa awe anajiweza, yani sio wa kulala kutwa.

Hapa ndo pana kitu ambacho mi kilinishika. Karatasi ya damu ya ba'mdogo ilisema kreatinini, ile taka ya kwenye damu ambayo figo zinaisafisha, ni 1.2, na pembeni maabara wameandika kawaida. Tukafurahi. Daktari wa kansa akachukua kalamu: chukua 140 toa umri, zidisha kwa kilo, gawa kwa 72 mara kreatinini. Ba'mdogo ana miaka 68 na kilo 60. 140 toa 68 ni 72, mara 60 ni 4,320. Chini 72 mara 1.2 ni 86.4. Jibu 50. Chini ya 60. Yani "kawaida" ya maabara ilikuwa inamfungia geti. Kama mgonjwa ni mwanamke jibu unalizidisha tena kwa 0.85, na kama maabara yenu inatoa kreatinini kwa namba kubwa kubwa kama 106 badala ya 1.2, gawa kwanza kwa 88.4 ndo uingize.

Nikadhani safari imeishia pale. Ila daktari akarudi kwenye skani akatuonyesha figo ya kushoto imevimba, uvimbe wa kibofu ulikuwa umeziba mdomo wa ule mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo, mkojo ukawa unarudi nyuma. Wakamwekea kamrija kadogo ndani, kuna wengine wanawekewa mpira kupitia mgongoni, na baada ya siku kadhaa kreatinini ikashuka mpaka 0.9. Piga hesabu tena, 4,320 gawa kwa 64.8, karibu 67. Geti likafunguka. Kwa hiyo ukiambiwa figo haziruhusu usikunje faili, uliza mambo mawili, figo imeziba? na je kuna dawa anayokunywa inayozibana? maana watu wetu wazima wanameza diklofenaki na ibuprofeni kila siku kwa magoti na mgongo na hawazihesabu kama dawa, na hizo zinabana figo kweli kweli.

Wakiwa katikati, tuseme 40 mpaka 60, kuna madaktari wanaogawa dozi ya sisplatini mara mbili, siku ya kwanza na ya nane, na kwenye NIAGARA watu wa namna hiyo waliruhusiwa. Kitu ambacho hakishauriwi ni kubadilisha sisplatini kwa kaboplatini, dawa ya ukoo mmoja nayo, kwa sababu tu ni laini kwa figo, kwa kazi hii ya kabla ya kisu haijaonyesha kwamba inaongeza maisha. Kama sisplatini haiwezekani kabisa, miaka yote jibu lilikuwa nenda kapasuliwe moja kwa moja, ila 2025 yalitoka majibu ya mchanganyiko wa dawa mbili, enfortumabu vedotini na pembrolizumabu, kwa watu kama hao na waliopewa kabla na baada ya upasuaji walifanya vizuri sana kuliko waliopasuliwa tu. Sio kila mahali inapatikana, uliza tu.

Na kama mgonjwa hataki au hawezi kutolewa kibofu, kuna njia ya kukwangua chote kinachokwangulika halafu mionzi pamoja na kemo ndogo ya kusaidia mionzi. Ni njia halali kwa baadhi ya watu, sio ya kukata tamaa, ila inachagua mgonjwa na inataka aangaliwe kibofu mara kwa mara maisha yake yote.

Kabla ya dripu ya kwanza

Nunua daftari. Ukurasa mmoja andika dawa zote anazotumia mpaka za miti shamba, maana nyingine zinagombana na figo au ini. Apimwe masikio kabla ili mjue baadaye yamepungua au yalikuwa hivyo. Kama bado anataka watoto aulize kuhifadhi mbegu au mayai KABLA, hata kama unaona aibu kumuulizia, baada ya hapo hamna kurudi nyuma. Meno mabovu yatibiwe. Na sigara. Sigara ndo chanzo cha kama nusu ya kansa hizi, na aliyeacha hata wiki chache kabla ya upasuaji mapafu na kidonda vinamshukuru. Ba'mdogo alikuwa anajificha nyuma ya nyumba kuvuta, tukawa tunamsikia anakohoa tunanyamaza, sijui kama tulifanya vizuri kunyamaza.

Siku yenyewe

Ni siku ndefu. Sisplatini inatanguliwa na maji mengi ya dripu yenye chumvi na mara nyingi magnesiamu, dawa yenyewe inaingia, halafu maji tena. Kazi yako mbeba faili ni mkojo. Tulipewa jagi la plastiki lenye mistari, kila akienda anakojoa mle, nachungulia mstari, naandika saa na kiasi kwenye daftari, kisha namwaga. Saa nne mia tatu. Saa tano na nusu mia mbili hamsini. Mara ya kwanza alikuwa anaona aibu, "Toka nje mwanangu, hii sio kazi ya mtoto," mpaka mzunguko wa pili akawa ananiita mwenyewe niandike. Maji yakiingia mengi na mkojo hautoki, au miguu inavimba, au anahema, mwambie nesi saa hiyo hiyo.

Dawa za kutapika anywe kwa saa sio kwa kujisikia. Hapa wengi wanakosea, anaona siku ya kwanza yuko poa anaacha vidonge, kumbe sisplatini ina kichefuchefu cha kuchelewa kinachokuja siku ya pili mpaka ya tano, na ukishakiacha kikaanza kukirudisha ni kazi. Wakati wa usiku ule wa pili ba'mdogo alitapika mara saba kwa sababu mi ndo nilimwambia "si uko fresh, acha tu." Kosa langu hilo.

Nyumbani kati ya mzunguko na mzunguko

Nunua kipimajoto, na ukijue kukitumia kabla ya kuhitaji. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi chembe nyeupe za damu zinashuka, na homa ya 38 kwenda juu wakati huo sio ya kumeza panadoli na kulala, ni ya kwenda hospitali usiku ule ule na kusema mlangoni kabisa "huyu yuko kwenye kemo." Hilo neno litangulize, maana ukikaa kwenye foleni kama mwenye malaria unaweza kupoteza masaa ambayo huna. Panadoli pia inaficha homa, pima kwanza.

Mengine ya kuangalia: masikio kuvuma kama kuna mdudu, vidole kufa ganzi au kushindwa kufunga vifungo vya shati, mguu mmoja kuvimba na kuuma, hiyo inaweza kuwa damu imeganda na kemo hii pamoja na kansa vyote vinasababisha, au kukosa pumzi ghafla. Mkojo wenye mabonge ya damu yanayoziba. Haya yote piga simu au nenda, usisubiri kliniki ijayo uyaseme yote kwa mpigo. Maji anywe ya kutosha kila siku kama daktari hajamzuia, na kama anatapika kiasi kwamba maji hayakai tumboni basi figo ziko hatarini, arudishwe dripu. Za maumivu za kundi la diklofenaki asiguse, na akienda sehemu nyingine kwa homa wajulishwe anatumia sisplatini kwa sababu hata jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, inaumiza figo hizo hizo.

Kabla ya kila mzunguko damu inapimwa, na kama chembe hazijapanda watasogeza wiki. Wiki moja isikutoe roho. Mi nilikuwa nahesabu siku kwa kalenda kama mahabusu, na ilisogezwa mara mbili.

Mkojo ukiacha damu msidanganyike

Baada ya mzunguko wa pili damu kwenye mkojo iliisha kabisa, maumivu yakaisha, na skani ya katikati ikaonyesha uvimbe umesinyaa. Ba'mdogo akatangaza amepona, upasuaji hataki. Na hapa ndo nimeona watu wengi wanaharibikia, maana kweli anaonekana amepona, anatembea, anakula, nani anataka kumpeleka mtu wa namna hiyo kukatwa? Ila skani safi na kamera safi, ile ya kuchungulia ndani ya kibofu, sio sawa na kibofu kisicho na kitu, watu wengi tu ambao kamera haikuona kitu, kibofu kilipotolewa maabara ikakuta kansa imebaki ndani ya ukuta. Kuna tafiti zinaendelea za kuwaachia baadhi ya watu vibofu vyao, lakini kwa sasa mpango wa kawaida ni kumalizia. Aliyembadilisha sio mi wala daktari, ni mzee mwenzie wa kitanda cha pili, alifunua shati akamwonyesha kifuko chake cha mkojo pembeni ya kitovu, akamwambia "bwana mi na huyu tunaenda shambani wote."

Ikitokea kinyume, skani ya katikati inaonyesha uvimbe unakua na dawa inaingia, hapo usiseme tumalizie mizunguko iliyobaki, kemo inasimamishwa na mtu anapelekwa kisuni haraka. Ndo maana hiyo skani ya katikati iulizieni, isisahaulike.

Tarehe ya kisu ishikeni mapema

Baada ya dripu ya mwisho mwili unahitaji kama wiki nne mpaka nane kurudisha damu na nguvu, na haifai kuvuka wiki 12. Foleni za chumba cha upasuaji zina urefu wake, kwa hiyo tarehe iombwe wakati kemo bado inaendelea, usingoje imalizike ndo uanze kuzunguka na faili. Sisi tuliomba kwenye mzunguko wa tatu tukapata wiki ya sita.

Hizo wiki za kusubiri ni za kazi. Atembee kila siku, hata kama ni kuzunguka uwanja tu, ale vyakula vyenye protini, upungufu wa damu ushughulikiwe. Aonyeshwe kifuko kwa mikono yake kabla ya kupasuliwa, na nesi amchoree alama tumboni akiwa amekaa, amesimama na amevaa suruali yake ya kawaida, maana kikiwekwa kwenye mkunjo wa mkanda kitavuja maisha yake yote. Wengine wanaweza kutengenezewa kibofu kipya cha utumbo wakojoe njia ya kawaida, inategemea figo, mahali uvimbe ulipokuwa na kama ataweza kujifunza upya, ulizeni kama anafaa.

Karatasi ya mwisho

Wiki mbili tatu baada ya upasuaji inakuja karatasi ya maabara, na hii ndo ya kuifuata mpaka uipate mkononi. Utaona herufi y mbele, kama ypT0 N0, hiyo y maana yake kimepimwa baada ya kemo. T0 ni hakukutwa kitu, N0 ni tezi safi. Ikiwa chini ya T2 na tezi ni safi bado ni habari nzuri sana. Ikiwa T2 kwenda juu, au tezi zina kansa, basi dawa haikumaliza kazi na muulize daktari kuhusu dawa ya kinga baada ya kisu, nivolumabu ilikubaliwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2021, na kama alikuwa kwenye mpango wenye durvalumabu basi mara nyingi wanaiendeleza.

Ya ba'mdogo ilisoma ypT1 N0. Shangazi akauliza kwa nini sio sifuri. Daktari akacheka akamwambia "mama, alikuja na T3." Skani zikapangwa za kila miezi michache kwa miaka miwili ya kwanza kwa sababu ndo kipindi inapopenda kurudi, pamoja na kreatinini, na vitamini B12 kila mwaka maana kile kipande cha utumbo walichokichukua ndo kilikuwa kinainyonya. Hiyo B12 kliniki nyingi wanasahau, iandike kwenye daftari.